Kumtembeza Mama Mji Mkongwe kwa Mwongozaji wa Kulipwa

Huduma ninayoizungumzia ni matembezi ya miguu ya nusu siku ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja, yanayouzwa na ofisi moja ndogo ya utalii ambayo sitaitaja kwa jina. Nililipa dola 25 kwa kila kichwa, yaani dola 50 kwa mimi na mama, na viingilio vya majengo tukajilipia wenyewe mlangoni. Tulitoka saa tatu asubuhi tukamaliza baada ya adhuhuri. Mwongozaji aliyetuchukua ningempa alama tisa kati ya kumi. Ofisi iliyompangia safari ningeipa nne, na hizo nne ni kwa hisani.

Yanipasa nieleze kwanza kwa nini mtu anayeishi Unguja amlipe mtu mwingine amtembezee mama yake. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Huu ni mwaka wangu wa tatu hapa kwa kazi ya uhasibu, nina kibali cha ukaazi ambacho kila kikikaribia kwisha hunikumbusha kwamba nipo katika nchi ya watu, na mji nimeujua kwa kadiri ya mahitaji yangu: njia ya kazini, Darajani kwa samaki, kituo cha daladala, fundi wa viatu. Nyumba ninazozipita kila siku sijui ni za nani wala zilijengwa lini, zaidi ya yale yaliyoandikwa kwenye kibao cha ukutani. Mama naye, aliyezaliwa na kukulia Kibokoni katika Mji wa Kale wa Mombasa, ni mtu wa kuuliza. Katika safari fupi ya teksi kutoka uwanja wa ndege aliniuliza maswali sita, nikayajibu mawili, na moja kati ya hayo mawili baadaye likadhihirika kuwa nimelikosea. Niliona aibu, nikalipa.

Jambo la pili lililonifanya niandike ni kwamba tathmini zote nilizozisoma kabla ya kulipa zilikuwa za wageni wa Ulaya, na sifa walizozitoa hazikunisaidia. Mtu wa Kibokoni hahitaji kuelezwa baraza ni kitu gani, wala kuonyeshwa karafuu kana kwamba hajapata kuiona. Nilitaka kujua kama huduma hii yaweza kumfaa mzazi wa Kiswahili aliyekuja kumtembelea mwanawe, ambaye mji huu kwake ni ugenini kwa pasipoti na ni kama nyumbani kwa kila kitu kingine. Sikupata aliyeliandika hilo.

Katika kuagiza kwa simu niliwaeleza ofisi mambo matatu kwa maandishi. Kwanza, mama ana miaka 73 na goti lake la kulia halimruhusu kusimama muda mrefu. Pili, anataka maelezo kwa Kiswahili. Tatu, adhuhuri itukute mahali ambapo mwanamke anaweza kuswali kwa utulivu. Nilijibiwa "hakuna shida" mara tatu, na hakuna hata moja lililomfikia mwongozaji. Kijana alitukuta Forodhani, karibu na ngome, akafungua kwa Kiingereza cha kukariri, kizuri tu, kilichoanza na mabara na biashara ya Bahari ya Hindi. Mama alimwacha amalize sentensi yake ya kwanza, kisha akamwambia kwa upole, "Mwanangu, na shikamoo yangu i wapi?" Kijana alicheka kwa haya, akaamkia kama inavyotakiwa, na kutoka hapo mpaka mwisho wa safari hakusema tena neno la Kiingereza isipokuwa alipopisha makundi mengine njiani. Kwa wepesi ule wa kugeuka nilianza kumpenda.

Mambo ya Forodhani yalikwenda haraka, na ilifaa yaende haraka. Jumba la Maajabu tuliliona kutoka nje tu. Mwongozaji alieleza kwamba Seyyid Barghash, sultani wa Unguja, alilijenga mwaka 1883, kwamba ndilo lililotangulia mjini kuwashwa taa za umeme na kuwekwa lifti, na kwamba sehemu ya mbele iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu. Hakulipamba, wala hakulifanya kuwa ajabu jingine. Mama alisema inna lillahi akauliza habari za waliofiwa, swali ambalo nadhani halimo katika maelezo yanayokaririwa.

Ngome Kongwe ndiyo iliyowafanya wawili hawa waanze kuzungumza kama watu wanaojuana. Kijana alisema ngome ilijengwa na Waomani baada ya kumtoa Mreno, juu ya mabaki ya kanisa lake. Mama akamwambia kwamba kwao Mombasa ni kinyume: Fort Jesus aliianza Mreno mwenyewe mwaka 1593, na Waomani wakaja kumtoa humo mwaka 1698. "Basi hii yenu imejengwa na hao hao walotutolea Mreno kwetu," alisema. Kisha akatoa jambo ambalo mimi, mwanawe, sikuwa nimepata kulisikia. Alipokuwa mtoto wa chuoni, juu ya Fort Jesus ilikuwa ikipepea bendera nyekundu ya Seyyid wa Unguja, kwa kuwa mwambao wa Kenya ulihesabiwa kuwa milki yake hata chini ya Mwingereza, na anakumbuka mwaka 1963 iliposhushwa, baadhi ya watu wazima mtaani kwao wakiwa wamefurahi na wengine wamenyamaza. Kijana aliacha kutembea. Alimwuliza maswali manne mfululizo, na kwa dakika kumi mwongozaji akawa mama. Huduma ambayo aliyelipwa anajua wakati wa kusikiliza ni adimu, na kwangu mimi hapo tayari dola zangu zilikuwa zimerudi.

Kwa bahati mbaya ratiba ya ofisi ilitaka twende Shangani, nasi tukaenda. Humo mna Barabara ya Kenyatta, jina ambalo kwa Mkenya lina mzaha wake, kwa sababu Jomo Kenyatta ndiye aliyekubaliana na serikali ya Unguja mnamo Oktoba 1963 kwamba mwambao uwe wa Kenya, na kijana alikuwa amekwisha kuchangamka kiasi cha kuliunganisha hilo na bendera ya mama bila kusaidiwa. Lakini ratiba haikutupeleka kwa ajili hiyo. Ilitupeleka kwenye jumba la makumbusho la Freddie Mercury, mwimbaji aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na kwenye maduka mawili ya vinyago na nguo. Sina ugomvi na mwimbaji huyo, na mgeni anayempenda ana haki ya kufika hapo. Mama hakumjua, alisimama nje kwenye jua, na goti likaanza kuuma. Katika duka la pili alishika kikoi, akauliza bei, akatajiwa kwa dola, akakirudisha taratibu kama mtu anayerudisha kikombe cha watu. Vikoi kwetu vinatundikwa kila kichochoro. Dakika arobaini zilipotea Shangani, na naamini maduka yale yamo katika ratiba kwa faida ya ofisi kuliko ya mteja. Kama utaagiza matembezi haya kwa ajili ya mzazi, omba sehemu hii iondolewe, na uombe kwa kumpigia mwongozaji mwenyewe.

Baada ya hapo nilimweleza kijana habari ya goti. Alishangaa kwamba hakuambiwa. Akaikunja karatasi ya ratiba akaitia mfukoni, akatupitisha njia za ndani kuelekea Sokomuhogo, tukikaa kila penye baraza iliyo wazi. Mji huu umejengewa wazee: karibu kila nyumba kubwa ina kiti chake cha mawe nje, na mtu akikaa hakuna anayemwuliza anangoja nini. Pale Jaws Corner tulikunywa kahawa chungu kwa vikombe vidogo visivyo na mkono. Palikuwa na wazee wanacheza dhumna, wakamwamkia mama, mama akawajibu, na mmoja wao akamtambua kwa lafudhi. "Bibi, wewe Mvita," alisema, yaani mtu wa Mombasa. Mama alikuwa ameagiza kahawa "tungu".

Hapo pakazuka mjadala wa lugha ambao haumo katika bei, nami nautaja kwa sababu ndio uliomfurahisha mama kuliko majengo yote. Yeye husema ndia, wao husema njia. Yeye mato, wao macho. Yeye mtele, wao mchele. Mzee mmoja alimtania kwamba Kiswahili cha vitabuni ni cha Unguja na wa Mvita wameshindwa kesi. Mwongozaji akaingilia kati kuwa mkutano uliopendekeza Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika mwaka 1928, na ulifanyika Mombasa. Mama aligeuka akamtazama yule mzee. "Basi tumewapa sisi," alisema, na barazani pakawa hapakaliki kwa kicheko. Sijui waongozaji wangapi wanao mwaka huo kichwani, lakini huyu alikuwa nao, na alijua pa kuutoa.

Mkunazini nilikuwa na wasiwasi napo. Kanisa kuu la Anglikana limejengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873 Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na nilihofia kwamba mama angechoshwa na maelezo marefu au angeona uzito kuingia. Aliingia. Alitazama mahali nyuma ya madhabahu alipozikwa Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, kisha tukatoka uani kwenye sanamu za watu watano waliosimama ndani ya shimo wakiwa na minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Mwongozaji alisema maneno machache, akasogea pembeni. Sikumtarajia kijana mwenye mdomo mwepesi kama wake kujua kunyamaza. Mama alikaa ukingoni muda mrefu, na aliposimama alimwuliza: waliokombolewa walipelekwa wapi? Kijana alitaja waliobaki Unguja chini ya misheni. Mama akamwambia kwamba wengine walikwenda Mombasa, upande wa Kisauni, mahali panapoitwa Frere Town, na kwamba mpaka leo mtaa wa hapo unaitwa Kengeleni kwa sababu ya kengele ya watu hao. Mimi nimepita Kengeleni kwa matatu maelfu ya mara nikienda shule. Sikuwahi kuuliza kengele ni ya nini.

Jioni nililisoma jambo hilo na kuona mama hakukosea hata kidogo: makazi yale yalianzishwa na wamisionari mwaka 1875 na kupewa jina la Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa Unguja mwaka 1873 kumshinikiza Barghash kuhusu mkataba ule ule. Kwa hiyo uwanja wa Mkunazini na kituo cha matatu cha Kengeleni ni ncha mbili za uzi mmoja, na ratiba ya ofisi, yenye kueleza kila kitu kana kwamba Unguja ni kisiwa kisicho na jirani, haina nafasi ya uzi huo. Kijana aliandika jina la Kengeleni katika simu yake. Natumaini mteja atakayemfuata atalisikia.

Adhuhuri ilipokaribia ndipo kosa la tatu la ofisi lilipojitokeza, maana hakuna aliyekuwa ameandaa chochote. Misikiti ni mingi mno Mji Mkongwe, lakini mama alitaka mahali pa wanawake, tena pasipo na ngazi. Mwongozaji alifikiri kidogo, akapiga simu, akatupeleka Kiponda nyumbani kwa shangazi yake. Tulipiga hodi, tukakaribishwa, mama akapewa maji ya kutawadhia na mswala safi, mimi na kijana tukaenda msikiti wa jirani. Tuliporudi tuliwakuta wanawake wale wawili wamekaa sakafuni juu ya mkeka, juisi ya ukwaju kati yao, wakibishana kwa heshima kubwa kama mkate wa kumimina wa Unguja na mkate wa sinia wa Mombasa ni kitu kimoja. Shangazi alishikilia kwamba ni kitu kimoja. Mama alishikilia kwamba wa kwao hauwekwi iliki nyingi kiasi kile. Suluhu ilikuwa kipande cha mkate chenyewe, na mama alikila chote.

Hili haliuzwi na ofisi yoyote, na sidhani kwamba ni haki kulidai. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba kijana alitumia mlango wa nyumbani kwao kuziba pengo ambalo waajiri wake walilipwa walizibe. Tulimpa bakshishi ya shilingi 30,000, naye alizipokea baada ya kukataa mara mbili, kama ilivyo adabu.

Sehemu ya mwisho ilikuwa milango. Ofisi imeipa dakika kumi na tano; sisi tuliipa karibu saa nzima, kwa ombi la mama, kati ya Kiponda na Hurumzi. Kijana alimwonyesha tofauti ya milango yenye kizingiti cha juu kilichonyooka, wanayoihusisha na Waarabu, na ile yenye upinde juu, wanayoihusisha na Wahindi, akamwonyesha minyororo, samaki na mayungiyungi yaliyochongwa kwenye fremu, na vichwa vya shaba vilivyochomoza. Mama anaijua milango ya kuchonga, kwao ipo. Alichokitaka ni habari za waliokaa nyuma yake. "Nambiya ni nani alokaa hapa," aliuliza katika kila mlango, na kwa milango mitatu au minne kijana alikuwa na jibu la kweli, jina la ukoo na kazi yao. Kwa mingine alisema wazi kwamba hana habari. Mapapasi wa njiani, wale wanaowavizia watalii, wangemtungia sultani kwa kila bawaba.

Kabla ya kurudi mama aliomba kuuona msikiti wa Malindi wenye mnara, ambao haumo katika ratiba. Baba yake alikuwa akija Unguja kwa jahazi na alikuwa akiusimulia, kwamba ni mnara wa duara unaosinyaa kwenda juu, karibu sawa na wa msikiti wa Mandhry ulio mita chache kutoka nyumbani kwao. Alisimama chini yake, mkono kwenye bega langu, akautazama bila kusema kitu, na nikafahamu kwamba kwake safari nzima ilikuwa hii. Kama ofisi ingemwuliza mteja swali moja tu kabla ya kuanza, yaani mzazi wako amesikia nini kuhusu mji huu, tungeanzia Malindi wakati miguu yake ilikuwa bado na nguvu, badala ya kufika hapo saa nane anachechemea.

Kuhusu bei, dola 25 kwa mtu ni nyingi kwa familia ya hapa na si nyingi kwa mgeni wa hotelini. Niliuliza kama kuna bei ya mkaazi au ya watu wa Afrika Mashariki, nikaambiwa kwa matembezi haya hakuna. Ningekubali kulipa hiyo hiyo endapo maagizo yangu yangefika. Viatu vya mzazi viwe vya kufunga, kwani mawe ya vichochoroni yanateleza hata siku isiyo na mvua. Saa tatu asubuhi ni kuchelewa. Kwa kipupwe cha Agosti tulichokwenda nacho jua lilivumilika, lakini katika kaskazi nisingethubutu. Mwongozaji wa kike hatukupewa nafasi ya kumchagua, na kwa mama wengi hilo lingekuwa la kwanza kuulizwa.

Namba ya kijana ninayo. Mama ameniambia safari ijayo atakuja na dada yake, ambaye goti lake ni baya zaidi, na kwamba asiletwe mtu mwingine. Nimekwisha kumwandikia: tuanze saa moja na nusu asubuhi, tuanzie Malindi, Shangani tusifike, na shangazi wa Kiponda aarifiwe mapema kwamba safari hii mkate unatoka Mombasa.